Sanduku la Posta Halina Mlango

Fungua tovuti ya zahanati binafsi, ya shule ya bweni au ya gesti jijini Dar es Salaam. Mara nyingi utakuta picha ya jengo lililopakwa rangi juzi, dira, dhamira, na neno la mkurugenzi aliyevaa suti. Kisha unafika kwenye ukurasa wa mawasiliano, ambao ndio uliokupeleka huko, unakuta S.L.P., namba mbili za simu na maneno "tupo Tabata". Tabata ipi? Bima, Dampo au Kimanga? Sanduku la posta linamwelekeza mwenye barua. Mama aliyebeba mtoto mwenye homa saa tano za usiku halimsaidii kitu, maana hajui ashukie kituo gani.

Kinachofuata kinajulikana. Anapiga simu. "Uko wapi sasa hivi, dada?" "Niko hapa kwenye kibanda cha M-Pesa." Vibanda vya M-Pesa viko vingapi Tabata? Simu inapokezwa kwa mlinzi, mlinzi anaipokeza kwa bodaboda, na bodaboda ndiye anayemaliza kazi ambayo tovuti iliundwa kuifanya.

Maoni yangu ni kwamba taasisi yoyote inayotarajia watu waje kwa miguu yao wenyewe haina udhuru wa kukosa ramani ya kubonyeza kwenye tovuti yake. Kazi yenyewe ni ya jioni moja. Na nina neno la pili, ambalo najua litapingwa: ramani ya kuweka iwe ile ambayo sisi wenyewe tunaweza kuirekebisha.

Nianze na urahisi, kwa sababu wengi huogopa mapema. Zaidi ya asilimia 40 ya tovuti zote duniani zinaendeshwa kwa WordPress, na nyingi za shule na biashara ndogo za hapa kwetu zimo katika kundi hilo hata kama wenyewe hawajui. WordPress hupokea programu jalizi, vipande vidogo vinavyochomekwa ili tovuti ifanye jambo ambalo haikuundwa nalo. Ziko za malipo, za fomu, za picha, na za ramani zipo tele, nyingine bure kabisa. Unaitafuta, unaisakinisha, unaiwasha, unaandika namba za mahali ulipo, unachagua ramani ianze kuonekana kwa ukaribu gani, kisha unabandika mstari mmoja wa msimbo kwenye ukurasa wa mawasiliano. Fundi akikwambia kazi hiyo ni ya wiki mbili, mwulize wiki ya pili ni ya nini.

Kinachotokea nyuma ya pazia kinavutia zaidi kuliko hatua hizo. Ramani ya mtandaoni haiji yote kwa pamoja. Imekatwa vigae vya mraba, kwa kawaida pikseli 256 kwa 256. Katika ngazi ya sifuri dunia nzima inaenea kwenye kigae kimoja. Kila ukikaribia ngazi moja, kigae kimoja hugawanyika kuwa vinne, kwa hiyo ngazi ya 10 peke yake ina vigae 1,048,576, na huko bado hujaona hata uchochoro. Simu yako huvuta vile tu vinavyotosha kujaza kioo. Ukisukuma ramani kwa kidole, vinavutwa vya jirani. Ndiyo maana madai kwamba ramani "inamaliza bando" yana ukweli nusu. Ramani iliyowekwa vizuri hula kidogo. Inayokula ni ile inayojifungua yenyewe kila ukurasa unapofunguka, hata kwa mtu aliyekuja kuangalia ada ya muhula. Tafuta programu jalizi inayosubiri mtu aguse ndipo ivute vigae.

Programu jalizi nyingi za ramani zimejengwa juu ya maktaba ya msimbo iitwayo Leaflet, iliyotolewa mwaka 2011 na Volodymyr Agafonkin, mhandisi wa Kyiv, Ukraine. Ikibanwa kwa ajili ya kusafirishwa, ina uzito wa kilobaiti 42 hivi. Picha ya mkurugenzi mwenye suti huenda ni nzito mara kumi. Ukiona kibendera kidogo cha buluu na manjano kwenye kona ya ramani ya chuo fulani cha Mbeya, usidhani chuo kimeingia katika siasa za Ulaya. Kibendera hicho kiliingizwa kwenye Leaflet yenyewe mwaka 2022, baada ya Urusi kuivamia Ukraine.

Ugumu unaanzia kwenye namba, na hapa naomba msomaji anivumilie, kwa sababu ndipo ramani nyingi zinapoharibikia.

Dar es Salaam iko kusini mwa Ikweta. Kwa hiyo latitudo ya katikati ya jiji huandikwa -6.8, na longitudo 39.28. Ukiidondosha ile alama ya kutoa, gesti yako ya Sinza inavuka Ikweta na kutua kwenye nyanda za juu za Ethiopia. Ukiiacha alama mahali pake lakini ukazipishanisha namba, longitudo ikatangulia, mgeni wako anapelekwa Extremadura, Hispania, karibu na mpaka wa Ureno. Ukifanya makosa yote mawili kwa mpigo, anazama Mediterania, magharibi ya kisiwa cha Sardinia. Na ukisahau kuandika chochote, programu nyingine huchukua sifuri na sifuri, mahali palipo katika Ghuba ya Guinea ambapo hakuna ardhi yoyote. Watu wa ramani wamepaita kisiwa kwa utani, na kwenye ramani zilizojazwa kwa haraka "kisiwa" hicho kina maduka, shule na hospitali kutoka kila pembe ya dunia.

Wanairobi wana hatari ya aina nyingine. Wakidondosha alama ya kutoa, ofisi ya Westlands inahamia jirani na Maralal, Samburu. Bado ni Kenya, bado kuna majina ya Kikenya pembeni, na mtu mwenye haraka anaweza asishtuke. Kampala iko kaskazini mwa Ikweta, haihitaji alama hiyo kabisa, kwa hiyo fundi aliyezoea kazi za Kampala akiletewa tovuti ya Mwanza ana sababu ya kuisahau. Wala usidhani wataalamu wamesalimika. Leaflet huanza na latitudo. GeoJSON, muundo wa faili unaotumika sana kuhifadhi taarifa za ramani, huanza na longitudo. Wote wana hoja zao, na hakuna aliyekubali kumpisha mwenzake.

Kisha zipo tarakimu za baada ya nukta. Mbili zinakubakisha ndani ya kilomita moja na ushei, na kwa Manzese hiyo ni kata nyingine. Nne zinakufikisha ndani ya mita 11 hivi. Tano ni kama mita moja, na zaidi ya hapo ni mbwembwe. Nenda langoni pako na simu mkononi, bonyeza kwa muda mahali uliposimama kwenye ramani, nakili namba zinazotokea. Usimwachie fundi aliyekaa Kariakoo akisie.

Sasa nije kwenye lile la ubishi: ramani ya nani?

Jibu la haraka ni Google, na sina ugomvi nalo. Ramani yao ilitoka Februari 2005, na katikati ya mwaka huohuo wakawaruhusu watengeneza tovuti kuitumia kwenye kurasa zao. Ukanda wetu ulijua kuitumia. Mwanzoni mwa 2008, Kenya ilipokuwa inawaka baada ya uchaguzi, Ory Okolloh, Juliana Rotich, Erik Hersman na David Kobia walijenga tovuti ya Ushahidi kwa siku chache, wakapokea taarifa za vurugu kwa ujumbe wa simu na mtandao na kuzipiga pini juu ya ramani ya Google. Miaka miwili baadaye mfumo huohuo ulitumika Haiti baada ya tetemeko la ardhi la Januari 2010. Mpaka leo, gesti isiyokuwemo kwenye ramani ya Google imejificha, maana hiyo ndiyo ramani iliyo kwenye simu ya dereva wa bodaboda. Wala huhitaji hata programu jalizi: Google hutoa msimbo wa kupachika ramani bila malipo. Kwa mwenye pini moja na haraka nyingi, inatosha.

Kinachonikera ni yaliyotokea katikati ya mwaka 2018. Kabla ya hapo tovuti iliyotumia njia yao ya kitaalamu, ile wanayoitegemea watengeneza tovuti na programu jalizi nyingi, iliruhusiwa kufungua ramani mara 25,000 kwa siku bure. Utaratibu mpya ulidai kila mwenye tovuti awe na ufunguo uliosajiliwa na kadi ya benki nyuma yake, na fungu la bure likawa la dola 200 kwa mwezi, ambalo lilitosha ramani 28,000 hivi, kwa mwezi mzima. Mwezi Machi 2025 fungu hilo nalo likaondolewa, ukaja mpango mwingine. Zahanati ya Mbagala haitafikisha hesabu hizo hata kwa miaka, hilo nakubali. Lakini zahanati hiyo haikuwa na kadi ya kulipia mtandaoni, na aliyejenga tovuti alishahamia kazi nyingine. Ramani za waliokosa ufunguo zikapigwa giza, na juu yake pakaandikwa kwa Kiingereza kwamba ni za majaribio tu. Nimeona tovuti zilizobaki na giza hilo muda mrefu. Mgeni akiliona anadhani biashara imefungwa.

Kampuni ina haki ya kuuza mali yake. Swali ni kama tuna sababu ya kuijenga nyumba yetu kwenye kiwanja cha kupanga wakati kiwanja cha umma kipo jirani.

Kiwanja hicho ni OpenStreetMap, ramani ya dunia iliyoanzishwa Uingereza mwaka 2004 na Steve Coast, inayochorwa na watu wa kujitolea, na ambayo yeyote anaweza kuitumia bure mradi ataje ilikotoka. Programu jalizi zilizojengwa juu ya Leaflet huitumia bila ufunguo wala kadi. Lakini kwangu mimi bei si hoja kubwa. Hoja ni kwamba ramani hiyo ukiikuta na kosa unaweza kulisahihisha wewe mwenyewe leo jioni. Na historia ya mitaa yetu katika ramani inaonyesha kwamba tusipojichora, tunaachwa weupe.

Kibera ni mfano unaojulikana zaidi. Mpaka mwaka 2009 mtaa huo mkubwa wa Nairobi ulikuwa karibu tupu kwenye ramani za mtandaoni, ingawa kila mwanahabari wa kigeni alijua njia ya kufika. Mwaka huo Erica Hagen na Mikel Maron wakaanza kazi na vijana wa Kibera wenyewe, wakapita vichochoroni na vifaa vya GPS, wakarekodi visima, vyoo, shule, zahanati, misikiti na makanisa. Dar es Salaam ikafuata. Tandale ilichorwa mwaka 2011, na mwaka 2015 ukaja mradi wa Ramani Huria uliowatoa darasani wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na Chuo Kikuu Ardhi, ukawaunganisha na wakazi wa kata zinazofurika. Hao walirekodi mitaro, madaraja ya miguu, na mahali maji yanapofika mvua za masika zikizidi, na wa kuwaambia maji yalifika wapi hakuwa setilaiti, alikuwa mzee wa mtaa aliyeonyesha alama ukutani.

Zanzibar walikwenda angani: kuanzia 2016 Kamisheni ya Ardhi na Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar, kwa msaada wa Benki ya Dunia, walipiga picha visiwa kwa ndege zisizo na rubani. Nairobi nako, watafiti na wanafunzi walipanda matatu na simu mikononi wakazirekodi njia zake, na mwaka 2014 ramani ya matatu ikatoka, inasomeka kama ramani ya treni za Ulaya.

Kazi yote hiyo imefanyika. Zahanati ya Tandale ikichomeka programu jalizi leo, chini ya pini yake vitatokea vichochoro vilivyotembelewa kwa miguu na vijana wa palepale. Mwenye shule akiona barabara inayopita langoni pake haipo, anaweza kujisajili, akaichora na kuipa jina, na haichukui muda kabla haijaanza kuonekana kwenye kila tovuti inayovuta vigae hivyo, pamoja na yake.

Wapinzani wangu watasema ramani ya kuchorwa na yeyote inaweza kuharibiwa na yeyote. Kweli, na hutokea, japo kila badiliko huhifadhiwa na linaweza kurudishwa. Watasema pia haijakamilika: toka nje ya miji ukaingie wilaya za pembezoni, utakuta vijiji vina barabara moja na jina lisilo sahihi. Hilo nalikubali bila kubisha. Kuna na jambo ambalo wenye tovuti hulisahau, kwamba vigae vya bure vya OpenStreetMap hutoka kwenye seva zinazoendeshwa kwa michango. Shule yenye wageni mia kwa siku haina tatizo. Kampuni ya usafirishaji yenye maelfu ya watumiaji itafute mtoa vigae wa kulipia, la sivyo itazuiwa, na itakuwa imestahili. Ule mstari mdogo wa chini unaotaja waliochora ramani usifutwe. Ndiyo bei pekee inayodaiwa, na bado wapo wanaoikwepa kwa kisingizio cha kupendezesha ukurasa.

Hata ramani iliyo sahihi kabisa haitoshi hapa kwetu, na mafundi waliojifunza kwa mifano ya Ulaya hawalitambui hili. Operesheni ya anwani za makazi ya mwaka 2022, iliyotangulia sensa ya Agosti mwaka huo, ilibandika namba kwenye nyumba na kusimika nguzo za majina ya mitaa nchi nzima. Ni kazi nzuri. Lakini nani aliyewahi kumwambia konda jina lililo kwenye nguzo? Jiji linaendeshwa kwa majina mengine: Tandale kwa Mtogole, Mwananyamala kwa Kopa, Tegeta kwa Ndevu, Magomeni Mapipa, Kimara Baruti. Kwa hiyo chini ya ramani andika maneno mawili matatu: ushuke kituo gani, ufuate upande wa msikiti au wa sheli, uulize kwa nani. Maneno hayo humsaidia aliyeishiwa bando, na humsaidia asiyeona, ambaye simu yake inamsomea maandishi lakini haiwezi kumsomea pini. Na kama alama yenu ni mwembe, OpenStreetMap inapokea hata mti mmoja.

Jaribu ukurasa wako kwenye simu ndogo kabla hujajisifu. Ramani nyingi hunasa kidole. Mtu anashusha ukurasa kutafuta namba ya simu, kidole kinaangukia ramani, ukurasa unasimama na dunia inaanza kuzunguka. Programu jalizi nzuri zina kitufe cha kuzuia hilo. Weka pia kiungo cha kufungua njia kwenye programu ya ramani iliyo kwenye simu ya mgeni, maana bodaboda hatasoma tovuti yako. Atataka lokesheni, basi.

Kuna mahali ambapo ramani isiwekwe, na hapa sitanii. Mradi wa Crowd2Map ulianza mwaka 2015 kuchora vijiji vya Tanzania kwenye OpenStreetMap, na sababu mojawapo ilikuwa kuwawezesha wanaharakati wa mkoa wa Mara kuwafikia wasichana wanaokimbia ukeketaji usiku, katika vijiji ambavyo hakuna dereva aliyejua njia ya kuvifikia. Barabara za kwenda huko zinastahili kuchorwa zote. Nyumba anayofichwa msichana ni jambo jingine, na shirika linaloiweka kwenye tovuti yake ili kuwafurahisha wafadhili linamchorea njia na yule aliyemkimbia. Vivyo hivyo kwa zile ramani za miradi zenye pini za nyumba za wanufaika: kaya inayohudumiwa kwa VVU, kaya iliyopokea fedha taslimu. Kenya ina sheria ya kulinda data tangu 2019, Tanzania tangu 2022. Programu jalizi haitakuuliza kama una ridhaa ya wenye nyumba. Itaweka pini yoyote utakayoiandikia namba.

La mwisho ni utunzaji. Programu jalizi iliyoachwa bila kusasishwa ni mlango wa wezi wa mtandaoni, kwa hiyo apatikane mtu mwenye jina, si "idara", wa kuisasisha na kuitazama pini kila muhula. Miji yetu inahama. Februari 2021 mabasi ya mikoani yalitoka Ubungo yakahamia kituo kipya cha Magufuli, Mbezi Luis. Wachoraji wa kujitolea wanaweza kukihamisha kituo kwenye ramani, na kila tovuti iliyovuta vigae hivyo ikapata badiliko bila mwenyewe kugusa kitu. Lakini ile sentensi ya pembeni, "tupo dakika tano kutoka stendi ya Ubungo", hakuna programu jalizi itakayoifuta. Mgeni anayeshuka Mbezi saa tisa za usiku ataiamini kama ilivyoandikwa.